Shangazi, mwanao hajasahauliwa: barua ya wazi kwenda kambi ya Nyarugusu

Shangazi, shikamoo.

Ile sauti uliyonitumia Jumanne nimeisikiliza mara tatu. Uliuliza: "Kama amehukumiwa miaka 3, mbona mpaka leo yuko mahabusu? Kuna jambo mnanificha?" Hakuna tunalokuficha. Nakujibu hadharani kwa sababu hapa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, tumekuwa wengi, Kiswahili siku hizi unakisikia dukani, kanisani na hata kwenye korido za mahakama, na kina mama wawili wengine wameshaniuliza swali lako neno kwa neno. Jina lake silitaji. Ya uhamiaji nayo nitakuandikia pembeni.

Huko mnakokaa, kuanzia gereza la Bangwe hadi la Segerea, magereza ni ya serikali moja. Mahabusu na mfungwa wote wako mikononi mwa Jeshi la Magereza. Huku Kentucky kuna nyumba mbili zenye wenyewe tofauti. Jela ni ya kaunti, yaani kama wilaya kwenu, na jimbo hili peke yake lina kaunti 120. Humo hukaa anayesubiri kesi na aliyefungwa kwa kosa dogo, lisilozidi miezi 12. Gereza ni la jimbo, la wafungwa wa makosa makubwa. Ndiyo maana ulitegemea kwamba akishahukumiwa atahamishwa. Hata mimi nilitegemea hivyo. Siku ya hukumu nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta njia ya kwenda gereza la jimbo.

Kumbe sheria ya Kentucky inasema mtu mwenye kosa la daraja D, lile la chini kabisa kati ya makosa makubwa, akipewa kifungo kisichozidi miaka 5, atakitumikia katika jela ya kaunti. Mwanao ni wa daraja hilo. Humo humo katika jela za kaunti ndimo anamomalizia kifungo chake, na hayuko peke yake: karibu nusu ya wafungwa wa jimbo hili wanalala katika jela za kaunti.

Sasa sikiliza habari ya pesa, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kabla ya hukumu, chakula, umeme na dawa za mahabusu ni mzigo wa kaunti. Hakimu akishatoa kifungo, jimbo linaanza kuilipa kaunti zaidi ya dola 30 kwa kila mfungwa kwa kila siku. Kaunti nyingi za huku ni maskini, migodi mingi ya makaa ya mawe ya upande wa mashariki imefungwa, na jela inakula sehemu kubwa ya bajeti. Mkuu wa jela naye huchaguliwa kwa kura kila miaka minne, cheo hicho kimeandikwa katika katiba ya jimbo ya mwaka 1891. Lazima awaonyeshe wapiga kura kwamba hesabu zimekaa sawa. Kitanda kitupu kwake ni hasara. Simsemi kwamba ni mtu mbaya, Shangazi. Nasema amewekwa mahali ambapo mwanao anamletea faida akiwemo ndani, na sijui mzazi gani angelala usingizi akilijua hilo.

Jimbo la Louisiana walitangulia. Mwaka 1975 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba gereza lao kubwa liitwalo Angola (si ile nchi) limejaa kupita kiasi, wafungwa wakaanza kupelekwa kwenye jela za mitaa, masherifu, yaani wakuu wa polisi wanaoendesha jela hizo, wakalipwa kwa kichwa. Kilichokuwa cha dharura kikawa biashara: miaka ya tisini masherifu walijenga jela mpya wakijua jimbo litazijaza. Jimbo la California nao, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipowaamuru mwaka 2011 wapunguze msongamano, waliwabakiza wenye makosa yasiyo ya ukatili kwenye kaunti.

Ubaya wake ni kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kusubiri haifai kuishi. Gereza la jimbo lina uwanja, maktaba, darasa, karakana. Jela aliyomo mwanao ina chumba kimoja cha mazoezi chenye paa, na dirisha lake liko juu karibu na dari. Aliniambia mwezi wa nne kwamba jua analiona likipita ukutani. Nikienda kumwona simwoni: nakaa ukumbini mbele ya skrini, yeye yuko upande wa pili wa ukuta uleule, naongea na picha yake.

Ile barua yako ya mkono aliyoileta mama mchungaji niliituma siku hiyohiyo. Nisamehe, sikuwa najua utaratibu. Barua zinapigwa picha, mfungwa anaisoma kwenye tableti, karatasi yenyewe haimfikii. Mwandiko wako ameuona. Alisema ameutambua kwa ile "h" yako.

Mwezi wa pili walimhamishia kaunti nyingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, bila kutupigia simu. Nilijua baada ya kutafuta jina lake kwenye tovuti ya idara ya magereza ya jimbo. Usiku ule ndio nilishindwa kupokea simu yako. Sikuwa na jibu.

Linaloniuma zaidi ni siku zake. Sheria inampunguzia mfungwa siku 90 akimaliza kozi fulani, kama ile ya cheti cha sekondari, na hicho cheti ndicho alichokuwa anakitafuta tangu alipofika Marekani. Lakini kozi lazima iwepo. Jela ya kwanza haikuwa na mwalimu. Kwa hiyo watu wawili wenye kosa moja na kifungo kimoja wanaweza kutoka kwa tarehe tofauti, kwa sababu tu ya kaunti waliyoangukia. Jambo hili nimeshamwandikia mwakilishi wetu katika bunge la jimbo, huko Frankfort, mara mbili, na nitamwandikia tena.

Hayabadiliki kwa bahati tu. Kaunti ya jirani, ile yenye mji wa Winchester, ilimtoza mtu zaidi ya dola 4,000 za kukaa jela ingawa mashtaka yake yalifutwa. Alipigana hadi Mahakama ya Juu ya Kentucky, na mwaka 2021 wakaamua kwamba asiyetiwa hatiani hadaiwi. Mtu mmoja alikwenda mahakamani, na wengine wasiotiwa hatiani wakapona.

Mwanao ameomba kwa maandishi ahamishiwe jela yenye darasa. Wakili amethibitisha kwamba ombi limepokewa. Jumapili saa nane mchana kwa huku nina dakika zangu 20 kwenye skrini, kwenu itakuwa saa tatu usiku. Usilale mapema. Nikitoka tu ukumbini nitakupigia nikiwa bado kwenye gari, na kila atakalosema nitakueleza kama alivyolisema. Nitumie kabla ya hapo unalotaka nimwambie.