Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama, assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Hesabu atazisoma mhazini, sitamwingilia. Mimi naanza na jambo lililonikosesha usingizi katika kazi yetu hii ya kuwatembelea watoto wagonjwa na kuwashika mkono wazazi wao.

Kuna mtoto wa Makorora tuliyemwahidi mgeni kila Jumamosi alasiri. Jumamosi moja ya Shaabani, mwenzetu wa zamu alikwenda harusini Pongwe bila kumwambia mtu. Mtoto alikuwa ameshaoga, amevaa kanzu ya Idi, amekaa barazani na dhumna zake kazipanga tayari. Mama yake hakulalamika. Mpaka nilipomuuliza ndipo akaniambia kwamba mwanawe alikaa pale hadi adhana ya Magharibi, akiitwa ndani hataki. Aliyekosa simtaji, anajijua, na alishakwenda kumwomba radhi mama na mtoto mwenyewe. Tangu hapo mwenye udhuru hupiga simu siku moja kabla, katibu akatafuta wa kuziba pengo. Asiyeweza kila wiki aseme kila mwezi, hatutamcheka.

Kwa watoto wa saratani, kazi yetu kubwa imekuwa nauli na maneno. Kutoka hapa hadi hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni kilomita 350 hivi, na dawa za dripu hutolewa kwa mizunguko, si mara moja ikaisha. Sasa uvimbe wa taya, ule wa limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya tezi, hunywea upesi dawa zikianza. Hapo ndipo penye hatari. Mzazi anaona uso wa mwanawe umerudi, majirani wanamshukuru Mungu, nauli nayo imekatika. Arudi kufanya nini? Daktari ameshaeleza, lakini anayesikilizwa zaidi ni yule aliyekaa naye uani akimenya mihogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona. Kwetu Tanga lengo hilo linaanzia stendi ya Kange, wanakopandia basi.

Kipupwe kilitubana. Baridi huwaamshia watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maumivu ya mifupa, na sweta za mitumba tulizochambua Ngamiani ziliwafaa kuliko midoli. Midoli, niseme wazi, tumezidisha. Mama mmoja pale hospitali ya Bombo alinionyesha madubu matatu ya manyoya kitandani, akacheka: "Dada, na huyu mgonjwa alale wapi?" Alichotaka ni mtu wa kufika kwake Mabokweni kuangalia kama wadogo zake mgonjwa wamekula. Tulikwenda. Walikuwa wamekula, ila mmoja alikuwa haendi shule kwa kukosa wa kumfulia sare. Kufua sare sasa kumo katika orodha yetu ya kazi.

Mwaka huu pia tulizika. Nyumba ya msiba hatukuihama baada ya arobaini, na naomba tusiihame.

Lililobaki ni zamu ya alfajiri Kange. Nahitaji watu wawili. Mama mwenye mtoto mgongoni, begi mkono mmoja na faili mkono wa pili, hawezi kugombania siti peke yake saa kumi na moja. Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni. Wenye baiskeli watangulie kujiandikisha, maana daladala za saa hizo mnazijua wenyewe.