Harambee ya Michoro: Tuchangieni Milioni 17 Tuwachoree Wenzetu Masomo

Ndugu wahitimu, wazazi na walezi, wahadhiri wetu, na nyote mnaokitakia mema chuo chetu,

Salaam. Sisi ni kikundi cha wanafunzi tunaochora na kutengeneza video za masomo hapa chuoni, Dar es Salaam. Wengi wetu tunasoma sanaa na ubunifu, wachache wanasoma kompyuta, na wawili watatu wametoka kilimo na udaktari kwa sababu wana mkono wa kuchora na hawakuwa na pa kuutumia. Mhadhiri akiwa na mada inayowakwamisha wanafunzi mwaka hadi mwaka, tunakaa naye mpaka tuielewe, kisha tunaichora au kuitengenezea video fupi. Tunaomba mtuchangie shilingi milioni 17. Hapa tunaeleza fedha hizo zitakwenda wapi na kwa nini tumethubutu kuziomba.

Kila aliyepita chuo cha nchi hii anajua kitini kinavyosafiri. Mhadhiri anakiacha steshenari nje ya geti, darasa zima linatoa kopi. Ndani yake kuna ukurasa wa moyo: ateri zimepakwa nyekundu, vena bluu. Ukipita kwenye mashine, ukurasa wote unatoka kijivu. Nyekundu na bluu zimekuwa rangi moja, na mwanafunzi anabaki kukariri mishale bila kujua damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Aliyeuchora mchoro ule alikuwa fundi hasa, ila aliuchora kwa ajili ya kitabu cha rangi cha bei kubwa. Hakuwa na habari za steshenari yetu.

Kwa hiyo sisi tunaanza na mistari. Ateri tunaijaza vistari vya mshazari, vena tunaijaza nukta, rangi inakuja mwisho kabisa. Kabla mchoro haujamfikia mhadhiri tunautoa kopi kwenye mashine zilezile za nje ya geti, halafu tunaitolea kopi ile kopi. Ukiwa bado unasomeka, umepita. Mambo kama haya anayajua aliyekaa safu ya nyuma akiangalia slaidi asiyoiona vizuri, na ndiyo maana tunaamini kazi hii inawafaa wanafunzi kuliko mtu mwingine yeyote. Mhadhiri anaijua mada. Aliyeikosa kwenye mtihani anajua ni wapi hasa inapompotea mtu.

Wahadhiri wa kilimo walituletea suala la mihogo. Kuna magonjwa mawili ambayo wanafunzi huyachanganya: batobato na michirizi ya kahawia. Yote yanaenezwa na nzi weupe, na yote yana historia hapa kwetu. Batobato iliripotiwa mwaka 1894 katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, na michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara. Pamoja na historia yote hiyo, picha zilizokuwa kwenye slaidi zilipigwa kwa mbali, na majani yalionekana ya njano tu, basi.

Tulichora miche miwili kwenye ukurasa mmoja. Kushoto batobato: majani machanga yamejikunja, yana mabaka. Kulia michirizi: umanjano unafuata vishipa vya majani ya chini, huku ya juu yakionekana mazima kabisa. Muda mwingi tuliutumia kuchora mizizi iliyo chini ya ardhi, kwa sababu huko ndiko mkulima anakopata hasara. Mwenzetu mmoja alikaa na kipande cha muhogo mezani akichora upesi upesi, maana muhogo ukishakatwa hauchelewi kubadilika rangi, na ukishabadilika huwezi tena kujua ugonjwa ni upi na kuharibika ni kupi. Mhadhiri aliurudisha mchoro. Mabaka ya kahawia yalikuwa yamepangika kwa usawa mno, akasema shambani hayako hivyo. Ulichorwa upya. Leo mwanafunzi anayejiandaa kuwa afisa ugani anaona kwa ukurasa mmoja kwa nini mkulima anayesubiri majani yamwambie anaweza kushtuka siku ya kuvuna.

Kwenye udaktari suala ni ngozi. Vitabu vingi vinavyotumika vimechorwa kwa wagonjwa weupe, na vinamfundisha daktari kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mahali penye uvimbe panaweza kuonekana pa zambarau, au peusi zaidi ya pembeni, na aliyezoea kutafuta wekundu anapapita. Wanafunzi ni miongoni mwa waliolisimamia jambo hili duniani. Mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari katika chuo cha St George's, London, alishirikiana na walimu wake kuandaa mwongozo unaoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Disemba 2021 mchoro wa Chidiebere Ibe, Mnigeria aliyekuwa akisomea udaktari, ulizunguka dunia nzima: mama mweusi mjamzito na mtoto mweusi tumboni. Watu wengi walisema hawakuwahi kuona mchoro wa namna ile maishani mwao. Tunataka mwanafunzi wa Dar es Salaam auone wiki ya kwanza ya masomo, aone ni jambo la kawaida, aendelee na ukurasa unaofuata.

Sasa tufike kwenye fedha.

Programu tunazotumia hazina gharama. Tunachora kwa Inkscape na Krita, sauti tunaisafisha kwa Audacity, na video za pande tatu tunazitengeneza kwa Blender. Hii ya mwisho ina habari ambayo wachangiaji wetu wangependa kuijua. Mwaka 2002, baada ya kampuni iliyokuwa ikiitengeneza kufungwa, mwanzilishi wake Ton Roosendaal aliwaomba watumiaji wachange yuro 100,000 ili haki za programu zinunuliwe kutoka kwa wawekezaji na iachiwe umma. Zilipatikana ndani ya wiki saba. Mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilitwaa Oscar. Nasi tunaifungua kila siku bila kulipa leseni kwa sababu watu wasiotujua walitoa mifukoni mwao. Ilikuwa harambee kama harambee nyingine yoyote.

Kinachotukwamisha ni mashine. Video ya dakika tatu kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde ina fremu 4,320. Tukitengeneza figo inayozunguka, maji na chumvi vikipita kwenye kitanzi cha Henle, yaani sehemu ya kijirija cha figo iliyojikunja, fremu moja kwenye laptop ya kawaida ya mwanafunzi inaweza kuchukua dakika tano. Piga hesabu: saa 360, siku 15 usiku na mchana bila kuzima. Mwenye laptop naye ana kazi zake za kozi za kuandika. Umeme ukikatika na betri ikiisha, lazima mtu aamke aiendeleze ilipoishia. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inaweza kutoa fremu hiyohiyo kwa nusu dakika, na video nzima ikaisha kwa saa 36. Tunaomba kompyuta mbili za namna hiyo, kila moja shilingi 4,500,000, jumla milioni 9.

Vibao sita vya kuchorea kwa kalamu ya kidijitali ni 1,800,000. Kwa sasa baadhi yetu wanachora kwa kidole kwenye simu au kwa mausi, na mstari wa mausi unajulikana tu. UPS mbili, za kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, ni 800,000. Maikrofoni na vitu vya kuzuia mwangwi kwenye chumba tulichopewa ni 700,000. Sauti ni muhimu kwetu kwa sababu wapo wenzetu wasioona wanaotegemea maelezo ya kusikiliza, na kila video tunaiwekea pia manukuu kwa ajili ya viziwi. Diski mbili za kuhifadhia kazi ni 700,000.

Inabaki milioni 4, ambazo ni posho. Tunajua hapa ndipo mchangiaji husita, kwa kuwa kompyuta anaiona kwa macho na posho haionekani. Tusikilizeni. Masomo yakiendelea, mtu anachora usiku baada ya vipindi. Kazi kubwa hufanyika likizo ndefu, na likizo hakuna bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Anayeweza kubaki Dar es Salaam ni yule ambaye kwao wana uwezo wa kumlisha. Mchoraji wetu hodari kuliko wote anatoka Kigoma. Likizo iliyopita ilibidi afunge begi mapema arudi nyumbani, na mfululizo wa michoro ya mimba ukabaki nusu. Shilingi 10,000 kwa siku kwa wanafunzi kumi, siku tano kwa wiki, kwa wiki nane, inatosha nauli na chakula, si zaidi ya hapo. Bila posho tutakuwa na kompyuta nzuri zinazotumiwa na waliobahatika tu, na hilo hatulitaki.

Kitakachotoka humo ni cha kila mtu. Kila mchoro na kila video tunaiachia kwa leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo chuo chochote, kiwe Mbeya, Mombasa, Bukavu au Bujumbura, kinaweza kuchapa, kutafsiri na kurekebisha kwa mahitaji yake, ili mradi kitaje waliochora. Video tunazibana zishuke chini ya megabaiti 15, mwanafunzi aipakue mara moja na asimalize bando. Pia hatutoi kitu ambacho mhadhiri wa somo hajakipitia na kukiwekea saini.

Fedha zote zitaingia kwenye akaunti ya idara. Mlezi wa kikundi na mhasibu wa idara ndio watia saini. Mwanafunzi hashiki fedha. Risiti za manunuzi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara, na kila mchangiaji atakayetaka nakala atatumiwa. Vifaa vitasajiliwa kuwa mali ya chuo ili vibaki sisi tutakapohitimu.

Kadi za mchango zimeanza kugawiwa, na namba ya malipo imo ndani ya kadi. Tafadhali, usitume fedha kwenye namba binafsi ya mwanafunzi yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mwenzetu. Asiyeweza kutoa taslimu anaweza kuweka ahadi na kuilipa kidogo kidogo hadi mwisho wa Julai. Wahitimu mliopo kwenye televisheni, matangazo na magazeti, tunawaomba zaidi ya fedha: njooni Jumamosi moja mtufundishe mnavyofanya kazi. Mlio ughaibuni, kibao cha kuchorea mlichoacha kutumia kinaweza kuja na mtu anayerudi nyumbani.

Harambee yenyewe itafanyika Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa idara. Michoro itatundikwa ukutani na waliochora watasimama pembeni yake kujibu maswali. Wahadhiri, njooni na mada moja inayowasumbua wanafunzi wenu. Tutakuwa na meza ya kuziandikisha, na ndizo tutakazoanza nazo likizo ikifika.

Wenu katika kazi,
Katibu, kwa niaba ya kikundi