Fimbo haitoshi: wito wa mchango kwa wasioona wa Wete

Assalaam aleikum. Wito huu ni kwa ndugu, jamaa na majirani wa Wete, mlioko nyumbani na mlioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Kamati ya msikiti na chuo cha Kurani inachangisha kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu wa shehia zetu, na tunachoomba si kile tulichozoea kutoa.

Tumezoea kutoa fimbo nyeupe. Ni sadaka nzuri, na kila ifikapo tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, tunakumbushana. Lakini fimbo nyingi huishia nyuma ya kabati, kwa sababu aliyepewa hakupimwa, hakufundishwa, au ncha imelika na hana ya kubadilishia.

Fimbo hupimwa kwa mwili wa mtu. Anasimama wima, fimbo inasimamishwa mbele yake, na mpini unatakiwa ufike kwenye mfupa wa kifua. Mwenye hatua ndefu huongezewa kidogo. Ikiwa fupi, fimbo inagusa jiwe wakati mguu nao umeshafika, na haina faida tena. Kisha kuna ncha. Ile nyembamba kama kalamu hukwama penye ufa na huzama mchangani. Njia zetu zinataka ncha nene ya mviringo, inayobingirika. Plastiki yake ikisuguliwa na mawe kila siku huliwa upande mmoja, mwisho bomba la alumini ndilo linaloburura chini, na hapo fimbo imekwisha. Fimbo za kukunja zina uzi wa mpira ndani unaoshikanisha vipande. Mpira ukilegea, fimbo inaachana mkononi, pengine katikati ya barabara. Ncha na mpira si vitu vya kuvikuta duka la mtaani, kwa hiyo kila fimbo tutaiagizia ncha tatu za akiba na mpira mmoja. Waliokwishapimwa ni 18. Hesabu yake: fimbo 18, ncha 54, mipira 18.

Sehemu kubwa ya mchango, hata hivyo, ni ya mwalimu wa kutembea. Tumepanga siku 20 kwa kila mwanafunzi, kwanza ndani ya nyumba yake, kisha uani, kisha njia anayoihitaji kweli: msikitini, sokoni, kituo cha gari. Mkono unakaa mbele ya kitovu, kiganja ndicho kinachocheza, na ncha inavuka mabega kidogo tu kila upande. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iguse kushoto; wa kushoto ukienda, iguse kulia. Ncha inakagua pale mguu utakapokanyaga hatua inayofuata. Kosa la wanaoanza ni ncha na mguu kwenda upande mmoja. Kwenye sakafu ya chuo kosa hilo halimuumizi mtu. Kwenye mtaro usiofunikwa linamvunja mguu. Ndiyo maana siku mbili za kuonyeshwa hazitoshi, na ndiyo maana tunamlipa mwalimu posho, nauli na chakula cha siku zote hizo badala ya kumwita asubuhi moja.

Fimbo haigundui kitu kilicho juu ya kiuno. Bati la kibanda lililochomoza, tawi la mwembe na kioo cha gari vinampata mtu usoni, kwa hiyo anafundishwa pia kuinua mkono wa pili mbele ya uso anapopita sehemu asizozijua.

Msimu wa karafuu una shida yake. Majamvi yanaanikwa kando ya barabara, na ukingo ambao mtu ameuzoea wiki nzima unapotea chini ya jamvi. Hapa tunawaombeni jambo lisilohitaji fedha: acheni njia ya hatua mbili kati ya jamvi na ukuta, na msimfokee aliyegusa karafuu kwa fimbo. Pikipiki nazo zisiegeshwe kando ya baraza. Asiyeona hufuata ukuta wa baraza kwa ncha ya fimbo kama wengine wanavyofuata barabara kwa macho. Ukitaka kumsaidia mtu, usimsukume kwa nyuma wala usimvute fimbo. Mwambie upo, mpe mkono wako aushike juu kidogo ya kiwiko, nawe tangulia nusu hatua.

Kabla ya fimbo, kila mtu anapimwa na daktari wa macho. Mwenye mtoto wa jicho huenda anahitaji upasuaji, si fimbo. Tutamlipia nauli yake na ya msindikizaji, pamoja na dawa za matone za baada ya upasuaji. Kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi, ila matone ya kila siku hulinda kilichobaki. Wengi huacha matone wanapoona macho hayaumi. Tunawasihi wasiache.

Watoto wanaosoma skuli na chuo wanahitaji mashine mbili za nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa kupapasa, vibao sita vya kuyaandikia kwa mkono pamoja na misumari yake ya kuchoma nukta, na karatasi nzito. Karatasi ya kawaida ya ofisini haifai, nukta zake hulala baada ya kupapaswa mara chache. Nukta nundu za Kiarabu husomwa kushoto kwenda kulia, kinyume na msahafu wa wino, na walimu wa chuo nao watafundishwa hilo. Vitabu vyake ni vikubwa na haviwekwi kimoja juu ya kingine, kwani uzito hufuta nukta. Tunaomba fundi seremala atakayejitolea rafu ya kuvisimamisha. Mashine zitafunikwa muda wote kwa sababu hewa ya bahari huzitia kutu.

Wenye uoni hafifu wanahitaji vitu vichache tu: kalamu nene nyeusi, daftari za mistari iliyokozwa, lenzi za kukuzia, na kukaa mbele wakiligeuzia dirisha mgongo. Watoto wenye ualbino waongezewe kofia pana na miwani ya jua. Pia tunahitaji kopo mbili za rangi ya manjano za kupaka kingo za ngazi za msikiti na za skuli.

Bei ya kila kitu imebandikwa mlangoni mwa chuo. Mnaweza kutoa fedha, au kuchukua kitu kizima: ncha tatu, rimu moja ya karatasi, siku moja ya mwalimu. Mwenye kutoa zaka aseme wazi, itawekwa kando kwa wanaostahiki. Michango inapokelewa na mtunza fedha wa kamati baada ya sala ya alasiri, na kila anayetoa apewe risiti. Mapato na matumizi yatasomwa msikitini kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na mlioko mbali mtatumiwa nakala ya sauti, ili na wasioona wenyewe waisikilize.