Pesa za utafiti zifike kabla mwanafunzi hajapanda ndege

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, niko na jambo limenikaa moyoni tangu nirudi nyumbani Ahero, huku Kisumu kwenye mashamba ya mpunga, mwaka jana mwezi wa nane, na saa hii naona wenzangu chuoni wameanza kupata barua za kwenda ng'ambo kufanya utafiti wakati wa likizo, nikinyamaza nitakuwa nimewakosea.

Nasomea baiolojia, mwaka wa nne, chuo kimoja huku magharibi mwa Kenya. Mwaka jana nilichaguliwa kwenda Montpellier, kusini mwa Ufaransa, wiki kumi na moja kwenye maabara ya mbu. Barua ilipokuja mama alilia, majirani wakajaa, mchungaji akaja kuomba, na hakuna aliyeuliza nauli inatoka wapi kwa sababu barua ilisema nitalipwa na ofisi moja ya chuo ikaniambia usijali wale wanagharamia kila kitu. Kumbe kulipwa ni mpaka ufike na ufanye kazi kwanza. Tikiti ya ndege ni juu yako, zaidi ya laki moja, viza ni euro 90 na wakati huo euro moja ilikuwa kama shilingi 150, kuna bima ya matibabu ya kiwango cha euro 30,000 ambayo bila hiyo viza hupati, bado pasipoti, bado basi la usiku kwenda Nairobi na kurudi maana alama za vidole hautolei Kisumu. Nilienda kuuliza basari nikaambiwa hiyo ni ya karo peke yake. Walionitoa ni chama cha mama, kina mama kumi na wanne wanaouza mchele hapa sokoni na kuchangiana pesa kwa zamu, walinipa zamu ya mama yangu pamoja na zamu za wawili wengine waliokubali kungoja, na hilo deni tulilimaliza Krismasi.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaoenda. Kila mtu aliniambia Ulaya ni baridi, nikashuka soko la Kibuye nikanunua koti zito la mitumba likala nusu ya begi. Nimefika mwezi wa sita nikakuta joto limepita nyuzi 30, kavu, upepo wenyewe ni wa moto. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni kwamba Montpellier iko na stesheni mbili za treni za mwendo wa kasi, moja katikati ya mji, inaitwa Saint-Roch, na nyingine mpya ya 2018 iko nje ya mji, inaitwa Sud de France. Mimi tikiti yangu ilinishusha ile ya nje na kijana wa maabara aliyetumwa kunichukua akawa ananisubiri ile ya mjini. Ilikuwa Jumapili jioni. Simu ilizima tukiwa bado kwenye treni, nikatoa chaja yangu ya miguu mitatu kama zetu zote hapa Kenya, ukuta wao una matundu mawili ya duara. Nilisimama pale na hiyo chaja mkononi kama mtu aliyeshika funguo ya nyumba ya mtu mwingine. Namba zote ziko ndani ya simu, anwani iko ndani ya simu, Kifaransa sijui hata neno.

Aliyeniokoa ni mama mmoja msafishaji. Aliniona natoa machozi akaniuliza kitu kwa Kifaransa, mimi nikasema Kenya, Kenya, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Binti, Kenya wapi?" Kwa Kiswahili! Alikuwa mtu wa Komoro, alikaa Zanzibar akiwa msichana. Nilimwamkia shikamoo huku nalia, akaitika marahaba mwanangu, akanipeleka kwenye kachumba kao ka kuvalia, akanipa chaja yake na mkate na chungwa. Hakuniacha mpaka yule kijana alipofika. Sijui nitamlipa nini yule mama, namwombea tu.

Pesa niliyobaki nayo ilikuwa euro 140. Sheria ya Ufaransa inataka mwanafunzi anayefanya mafunzo ya zaidi ya miezi miwili alipwe kila mwezi, na maabara haikukataa, walikuwa watu wazuri sana, lakini malipo ni mwisho wa mwezi na yanaingia kwa akaunti ya benki, akaunti nayo inataka karatasi ya kuonyesha unakoishi, karatasi inataka ofisi ya hosteli, ofisi inataka miadi. Nilishika pesa yangu ya kwanza katikati ya mwezi wa saba. Kwa hizo wiki zote nilikula wali na nyanya, wali na yai, na mchana wenzangu wakienda kula nilikuwa nasema nimeshiba, nabaki na mbu.

Na hao mbu ndio wananifanya niandike. Siku ya kwanza niliingizwa kwenye chumba cha kuwafugia, joto kama nyuzi 27, unyevu mpaka ngozi inalegea, taa zimepangwa mwanga masaa 12 na giza masaa 12. Huko nje jua lilikuwa linazama saa tatu na nusu usiku, sikuwa napata usingizi, lakini ndani ya kile chumba siku ilikuwa na urefu wa siku ya kwetu. Kwenye kizimba kimoja kidogo cha mbu, kimefunikwa neti, pamba ya maji ya sukari juu yake, nikaona karatasi imeandikwa KISUMU. Nikadhani wameandika kunikaribisha. Msimamizi wangu akaniambia hapana, hawa asili yao ni mbu waliochukuliwa Kisumu kabla hata hujazaliwa, na wanafugwa kwenye maabara za nchi nyingi kwa sababu dawa za vyandarua bado zinawaua, kwa hivyo ndio kipimo cha kulinganishia mbu wengine. Unachukua mbu 20 au 25 unawaweka saa moja kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa, unawatoa, baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Wa Kisumu wa maabara wanakufa karibu wote. Wale wanaotoka mashambani siku hizi, wakifa chini ya asilimia 90 ujue wamekuwa sugu, na wa aina hiyo wako wengi huku kwetu.

Msimamizi hajawahi kufika Kisumu. Mimi ndiye nilimweleza vile shamba la mpunga likijazwa maji mapya, kabla mpunga haujainuka, viluwiluwi hujaa mpaka unawaona ukiinama tu, na akaandika kila kitu kwenye daftari lake. Mtoto wa Ahero ako na kitu cha kupeleka huko. Hapo ndipo uchungu wangu uko, kwa sababu mwenzangu mmoja wa darasa, kijana wa Busia aliyenipita kwa alama, alipata nafasi kama yangu akairudisha, nauli ilikosekana. Aliandika kwamba ana shughuli za familia. Huko walikompa nafasi nadhani mpaka leo hawajui ukweli.

Ombi langu kwa vyuo, kaunti zetu na wafadhili ni hili tu, tengenezeni mfuko wa kumkopesha mwanafunzi nauli, viza na chakula cha mwezi wa kwanza, akilipwa arudishe, mimi ningerudisha. Wafadhili wanaoweza kukata tikiti wenyewe wakate. Na ofisi za vyuo zituite sisi tuliorudi tukae na wanaoenda hata asubuhi moja, tuwaambie mambo ya stesheni na benki, hatutaki malipo.

Yule kijana wa Busia ameomba tena mwaka huu na anangoja jibu. Adapta yangu, ile ya kuchomekea chaja zetu kwa ukuta wao, nimeshampa msichana mmoja wa mwaka wa tatu anayesafiri mwezi wa sita, nimemwandikia namba zote kwa karatasi, na koti nimemwambia aache nyumbani.

Nyar Ahero,
Kaunti ya Kisumu