Salamu za baridi kali kwa Waswahili wote wa Japani

Ndugu zangu Waswahili mlioko Japani, kuanzia Sapporo mpaka Fukuoka, na nyinyi mliorudi nyumbani ila bado mnatufuatilia, asalaam aleikum. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Poleni na baridi jamani. Watu mmepongezana tangu tarehe moja mimi kimya, na waliotuma meseji za akeome, ile heri ya mwaka mpya, wakajibiwa "asante" tu naomba wasinielewe vibaya, nyumba yetu mwaka huu wa 2026 ina mochu, yaani tuko kwenye msiba. Mama mkwe alitutoka mwezi wa kumi. Pongezi hazitoki mdomoni na ndo utaratibu wenyewe, kwahiyo nimesubiri matsunouchi, zile siku za mwanzo wa mwaka, ipite niwaandikie kanchu mimai yangu hii, yaani salamu za baridi, kabla Setsubun, sikukuu ya kufukuza mashetani, haijaingia. Mnipokee hivyohivyo.

Mwaka ulioisha ulikuwa mgumu, tusidanganyane. Mchele kilo tano tuliouzoea kwa yen elfu mbili ulivuka elfu nne, na sisi watu wa wali mnajua maumivu yake, unaingia supa unausimamia mfuko, unaupapasa, unaondoka na tambi. Mochi nazo, zile keki za kupondwa, si ni mchele pia, zikapanda. Yen imeshuka thamani, unatuma nyumbani hela ileile ya siku zote, ikifika kule imekuwa kiduchu na ndugu wanaona umebana mkono makusudi. Bado mafuta ya taa ya stovu, bado umeme. Kuna nyumba nazijua mwaka huu hawakuagiza kabisa osechi, vile vyakula vya mwaka mpya, walinunua kuromame za maharage meusi na kamaboko ya samaki wakakaa pamoja wakashukuru, na hapo hamna aibu yoyote.

Kingine kilichopanda ni kadi za posta. Toka Oktoba 2024 posta imetoa kadi kwenye yen 63 ikapeleka 85, basi kila mtu kapata sababu ya kuacha. Mwaka 2003 nengajo, kadi za mwaka mpya, zilizochapwa zilizidi bilioni 4, za mwaka huu hata bilioni moja hazikufika. Hata wazee wenyewe siku hizi wanaandika za kuaga, kwamba hii ndo ya mwisho, macho hayaoni na mkono unatetemeka, tusameheane. Vijana ndo usiseme, stika ya farasi, mnyama wa mwaka huu, kwenye simu imetosha.

Mama mkwe hakuacha kuandika. Ikifika Desemba 15 anasogeza machenza ya mikani pembeni, anatandika gazeti juu ya kotatsu, ile meza yenye hita chini, anakaa na kalamu yake ya brashi siku nzima, akimaliza kadi anaipepea wino ukauke ndo anaiweka kwenye fungu, na ole wako upite na chai karibu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsomea anwani kwenye daftari. Novemba iliyopita daftari hilohilo tukalitumia kutuma mochu hagaki, kadi za kusema tuna msiba, jina moja baada ya jingine, mume wangu anaandika mimi nasoma, yaani mnaelewa hali ilivyokuwa.

Sasa tarehe moja asubuhi posta ikaleta kibunda kidogo, cha daktari wa meno, cha duka la viatu, na katikati kadi moja imeandikwa jina la mama. Mwandishi ni rafiki yake wa zamani wa Nagata hapa Kobe, walilala pamoja kwenye ukumbi wa shule baada ya tetemeko la 1995, halafu yule bibi akahamia kwa mwanae Tottori. Kwenye daftari hakuwemo kwasababu anwani yake mama alikuwa nayo kichwani, hakuwahi kuiandika popote. Farasi kachorwa kwa wino mweusi, na pembeni msitari mmoja, "Mwaka huu tuonane kweli." Mume wangu akaisoma, akaenda kuiweka kwenye butsudan, kabati la ibada la marehemu, akawasha udi wa senko, akarudi mezani hakusema neno. Tukaendelea na zoni, supu ya mwaka mpya, miso nyeupe na mochi za duara, alivyokuwa anataka yeye.

Tarehe nane nikamjibu yule bibi, kadi ya kawaida isiyo na farasi wala Fuji, mwandiko wangu mwenyewe. Baada ya siku chache simu ikaita. Alilia na mimi nikalia, halafu akaniuliza mama aliumwa sana? Nikamwambia hapana, siku za mwisho alikuwa anakula yuzu, ndimu ya huku, na asali tu na alikuwa anacheka. Akasema basi vizuri. Anataka kuja kaburini Higan ya Machi, siku za kuzuru makaburi, na tutakwenda naye tukijaliwa.

Ndugu zangu, nilipokata simu nikawaza sana. Yen 85 ndo tunayoibania? Ile kadi ndo iliyomfikishia bibi wa watu habari ya msiba, bila hiyo angekaa Tottori miaka anasubiri kuonana na mtu aliyekwisha kuzikwa. Meseji ya kundi ukituma mwaka mpya inafika kwa watu mia na hakuna hata mmoja aliyeulizwa hali yake. Mtu mzima anaishi peke yake kwenye fleti za danchi ghorofa ya nne haina lifti, amezika mume, watoto wako Tokyo, hilo karatasi moja analiweka juu ya friji mpaka Aprili. Mwandikieni. Huwezi kanji andika hiragana, huwezi hiragana mpelekee mwenyewe mlangoni na mikani tano kwenye mfuko. Na mwenye mochu msimkwepe kama ana ukoma! Kilichozuiwa ni kumpongeza, salamu haijazuiwa, na pole hakuna dini wala mila duniani iliyoikataza.

Alfajiri ya tarehe 17 Januari, kumbukumbu ya lile tetemeko la 1995, tulikwenda bustani ya Higashi Yuenchi hapa Kobe, mama alikuwa hakosi kila mwaka. Baridi ilikuwa inakata masikio. Zile taa za mianzi mnazijua, mshumaa unaelea kwenye maji ndani ya mwanzi, kuna kijana mbele yangu wa kwake ulizimika na upepo, mzee asiyemjua akainama akamuwashia kwa wake, hawakusemeshana. Saa 11 na dakika 46 pakawa kimya kabisa, watu wameinamisha vichwa. Watu 6,434 jamani, na imepita miaka 31 bado wenyewe wanakuja gizani. Mimi na dua zangu, mume wangu na shanga zake za sala mkononi, kila mtu akamuombea wake.

Na wa Noto waliopigwa na tetemeko tusiwasahau. Ile 2024 tarehe moja Januari saa 10 na dakika 10 jioni, watoto wamerudi kutoka mijini, meza imejaa, babu na wajukuu wako chumba kimoja, na hapohapo nyumba zikawaangukia, soko la asubuhi la Wajima likateketea. Kuna watu mwaka mpya kwao ni siku ya hitma. Wewe unapopiga kelele omedeto, yaani hongera, kazini kwako angalia kwanza aliyeko mbele yako katokea wapi, uliza, sikiliza, halafu ndo ufurahi, na ufurahi kweli maana kuwa na wote mezani ni neema kubwa ambayo mtu haioni mpaka zabuton moja, mto wa kukalia, ibaki wazi.

Watoto wetu waliovaa kimono za furisode na hakama tarehe 12 kwenye sherehe ya kuingia utu uzima, hongereni sana, wazazi wenu wamebeba maboksi usiku mpate kuvaa hivyo, pigeni simu nyumbani. Bibi na babu bado mkawakatie mochi vipande vidogo zisiwakabe kooni, kila mwaka tunasikia magari ya wagonjwa.

Na nyinyi wadogo zangu wenye mimba mwaka huu, kuna wawili wamenifuata kwa uoga sababu ya hinoe-uma, kwamba mtoto wa kike wa mwaka wa farasi wa moto atakuwa mkali na atamla mume. Mwaka 1966 watu waliogopa hivyohivyo uzazi ukashuka kama robo nzima, na wale wachache waliozaliwa leo wana miaka sitini, wana waume na wajukuu, na kazini kwangu yupo mmoja ni mpole sijapata kuona. Mtoto ni majaaliwa ya Mungu, mwaka haumpi mtu tabia, malezi ndo yanampa. Zaeni kwa amani, na mkiwa peke yenu hospitali semeni tuje.

Setsubun ni tarehe 3 Februari, ehomaki, ule wali wa kukunja, mwaka huu mnaula mkielekea kusini-kusini-mashariki, ila zile za dukani bei imechangamka mno, kunjeni wenyewe, tango na yai na tuna ya kopo inatosha. Maharage sisi tutarusha maana mama angekasirika tusiporusha, alikuwa anapiga kelele za oni wa soto, shetani nje, mpaka jirani wanacheka.

Basi nisiwachoshe. Nawatakia wote afya njema, riziki ya halali, viza zisisumbue, yen ipande kidogo, watoto wafaulu mitihani ya juken, wagonjwa wapone, waliofiwa wapewe subira, na mwaka wa farasi utupeleke mbele salama. Vaeni vizuri, baridi ya Februari ndo mbaya zaidi. Anayekuja Kobe asipite bila kubisha hodi, chai ya tangawizi ipo.

Ni mimi dada yenu wa Kobe, pamoja na mume wangu na watoto.