Kila ugomvi haki ni yangu, lakini kitabu hakisomeki

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata na mume wangu. Mchana ni karani wa hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, usiku nasomea CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, iko Mei na Novemba, na mimi nimelipia ya Novemba, ngazi ya mwisho. Nikipata, naomba kazi ya uhasibu wenyewe, siyo hii ya kuandika risiti. Mwaka huu sina jambo kubwa kuliko hilo.

Sasa nyumba tuliyopanga ina familia nne na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tunachanga sawa, matumizi si sawa: wa chumba cha mbele ana friji la barafu za kuuza, sisi tuna taa, feni na televisheni. Halafu kuna kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi, inayokatwa humohumo kwenye umeme. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa ile 1,500, wakati deni ni la mwenye nyumba na mpangaji akikatwa anatakiwa arudishiwe. Wetu ukimwambia anacheka tu. Basi tarehe moja ikifika tunaviziana, kila mmoja anasubiri mwenzake ashindwe na giza. Grupu la WhatsApp la nyumba linawaka hadi usiku wa manane, na anayepanga hesabu mle, nani katumia nini, pamoja na picha za risiti, ni mimi. Si nimesomea!

Bado konda anayekaa na mia mbili yangu. Bado anayepitisha ndoo yake mbele ya foleni bombani. Wote hao nawajibu.

Kinachonichanganya, Anti, ni kwamba sijawahi kukosa haki katika hayo yote. Ningekuwa mkorofi asiye na hoja, ningeambiwa nyamaza, yakaisha. Lakini watoto wakishalala nafungua kitabu, niko kwenye hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, pale unapotakiwa kuondoa walichouziana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kuziunganisha, na akili bado inamjibu mama barafu. Narudia ukurasa uleule mpaka usingizi unanichukua. Muda ninao, nguvu ndiyo imeishia njiani.

Mume wangu anasema hiyo 1,500 tulipe sisi kila mwezi bila kumwambia mtu, tuihesabu kama sehemu ya ada ya mtihani, na kwenye grupu nitoke. Kwa hesabu hajakosea, fotokopi zangu tu zinazidi hapo. Ila moyo unakataa. Nilikokulia Tandika, ukinyamaza kwenye mia, kesho wanakujia kwenye elfu. Wifi yangu alinyamaza hivyohivyo huko anakopanga, siku hizi umeme wa mwanzo wa mwezi nyumba nzima wanamwachia yeye. Anasifiwa kwa busara. Busara ya namna hiyo, inayomwachia mwanamke mzigo, mimi naitilia shaka.

Tena mume wangu kachanganya mafungu. Dereva wa bajaji anayewapeleka wanangu shule anapakia watoto mpaka wengine wanakaliana mapajani. Nilipomkalia kooni, mume wangu akasema hayo nayo ni mambo madogo, niyaache mpaka Novemba. Hilo siliachi hata mtihani ukiwa kesho, na hapo sikuombi ushauri.

Ninachoomba ni kwenye yale mengine. Mtu akiamua kuachia jambo, analiachiaje mpaka litoke na kichwani? Kufunga mdomo naweza, lakini nikifunga ndiyo kwanza nabishana nao kitandani. Na hiyo 1,500, nilipe kimyakimya kama anavyotaka mume wangu, au niwaambie wapangaji wenzangu wazi kwamba naibeba mpaka Novemba tu, Desemba turudi kwa mwenye nyumba sote kwa pamoja? Naogopa nikiwaambia, grupu litawaka upya na mimi ndiye nitakayejibu. Nisipowaambia, Desemba nitaanzaje kudai kitu nilichokuwa nalipa mwenyewe?

Mwezi mpya uko karibu na uniti zilizobaki ni chache. Naomba unijibu mapema.

Mpangaji, Tabata