Nondo wa viazi hali misindano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakulima wenzangu, hasa sisi wa Buhigwe na Kasulu tuliopanda misindano, au mipaina kama wengine wanavyoiita. Msimu uliopita tulitumia fedha kuua mdudu asiyekula miti yetu, na mimi nilikuwa miongoni mwa walionunua dawa. Ni mwalimu mstaafu wa sayansi wa shule ya msingi, ninaishi Manyovu, nina ekari moja na nusu ya misindano niliyoipanda mwaka 2022. Katikati ya mistari napanda viazi vitamu na maharage mpaka miti itakapofunga kivuli.

Mvua zilipokolea mwezi Desemba, tulianza kuona nondo wakubwa wa kijivu wamejibandika kwenye mashina ya misindano mchana kutwa. Nondo mmoja ni kama kiganja cha mtoto, mabawa ameyalaza mgongoni kama paa la nyumba, na rangi yake inafanana mno na gome, hata unaweza kumwekea mkono bila kumwona. Baada ya muda, chini ya miti hiyohiyo, wakaonekana viwavi wanene kama kidole gumba changu. Wengine walikuwa wa kijani, wengine wa kahawia, na kila mmoja ana pembe moja iliyopinda kule nyuma, mkiani. Walikuwa wakitembea mbiombio juu ya majani makavu ya misindano. Kwa jirani yangu miti kama kumi ilikuwa imeanza kuwa ya njano. Tukaunganisha mambo.

Hapo ndipo akaja kijana mmoja na pikipiki, anauza dawa nyumba kwa nyumba. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya kiwavi wa kijani mwenye mistari myeupe, amejinyoosha juu ya jani la msindano analitafuna. Akatuambia hao ndio tulionao, na tukichelewa wiki mbili tutabaki na fito. Chupa zake hazikuwa na lebo, kila moja shilingi 18,000. Nilinunua mbili. Nikakodi bomba la kupulizia, nikapuliza chupa ya kwanza asubuhi, wakati viazi vimechanua na nyuki wako kazini.

Siku ya pili nilikwenda kwenye mizinga yangu miwili iliyo mpakani mwa shamba. Mbele ya mmoja nyuki wamelala chini kama ulezi uliomwagika kwenye mkeka, wachache bado wanajizungusha kwa mgongo. Mzinga ule haujapata kundi hadi leo. Nilikaa pale nikaona aibu, kwa sababu miaka 28 nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia waangalie kwanza mdudu anakula nini.

Basi nikaangalia. Niliokota viwavi sita waliokuwa wakizurura chini ya misindano ambayo haikupulizwa, nikawagawa kwenye makopo mawili ya maziwa yenye udongo, moja nikaweka majani mabichi ya msindano, jingine matembele. Hakuna aliyekula upande wowote. Walizunguka ukingoni mwa kopo usiku kucha, asubuhi wote wamezama kwenye udongo. Nilijua nimewachukua wakiwa wamechelewa: kiwavi aliyekomaa huacha kula, hushuka kwenye mmea na kutafuta udongo laini wa kujifukia. Hiyo ndiyo sababu walikuwa wakikimbia chini ya miti yetu. Walikuwa wanatoka kwenye viazi.

Nikarudi shambani, safari hii kwenye viazi vyenyewe. Kwenye tuta la tatu nilikuta majani yamebaki vikonyo vitupu, na chini yake vinyesi vyeusi kama punje za pilipili manga. Nikachukua viwavi wadogo wanne, wawili kwa majani ya msindano, wawili kwa matembele. Wa matembele walimaliza majani yote usiku huo, ikabidi niwaongezee asubuhi na jioni. Wa msindano hawakugusa kitu kwa siku mbili. Sikutaka wafe, nikawapa matembele nao, wakaanza kula nikiwa bado nimeshika kopo mkononi.

Wale sita wa kwanza waligeuka pupa ndani ya udongo. Kila mkulima wa viazi anamjua pupa huyu kwa jembe lake: mwekundu wa kahawia, anang'aa kama amepakwa mawese, na mbele ana kitu kilichopinda kama mkono wa birika. Ukimshika anatingisha mkia. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunamuuliza baba amekwenda upande gani, tukafuata unakoelekea mkia. Ule mkono wa birika ni ala ya mrija wake wa kunyonyea asali ya maua, mrija mrefu kuliko mwili wake mzima. Wiki ya tatu wakaanza kutoka. Nilimwita jirani aje aone. Nondo wa kwanza alipanda kwenye kijiti akiwa na mabawa madogo yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Haikupita saa moja yakawa yamenyooka, ya kijivu, na tumbo lake lina mapande ya waridi na meusi pembeni. Jirani akasema, "Mwalimu, si ndiye yule wa kwenye miti?" Ndiye. Anajificha kwenye gome mchana kwa sababu gome linamficha, kama anavyojificha kwenye nguzo ya ua au ukuta wa tope.

Wataalamu humwita Agrius convolvuli. Ni nondo mwenye nguvu za ajabu. Wapo wanaoruka kutoka Afrika hadi Ulaya kila mwaka.

Sasa ile picha ya kwenye simu. Kijana yule hakuitengeneza. Kiwavi yule yupo, ila yupo Ulaya. Ni mtoto wa nondo wa misindano aliyepewa jina la Sphinx pinastri na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1758. Jike hutaga kwenye majani ya msindano, na mtoto anapokuwa mdogo ana mistari ya kijani na myeupe inayokwenda urefu wa mwili, hivyo akilala sambamba na jani humtambui. Marekani na Kanada nako kuna nondo wa jamii hiyo wanaokula misindano. Viwavi wao hawana hata pembe, na wakishakuwa nondo hawali tena chochote. Yupo pia mmoja wa kusini-mashariki mwa Marekani anayekula mti wa ukoo wa misaipresi unaoota kwenye vinamasi. Jamii nzima ya nondo hawa ina aina zaidi ya 1,400 duniani, na wanaokula miti ya namna ya msindano ni wachache sana.

Misindano yenyewe kwetu ni mgeni. Ule tunaoupanda zaidi, Pinus patula, asili yake ni Meksiko. Afrika kusini ya Sahara haina msindano wa asili hata mmoja. Mbegu zililetwa, nondo wake hawakuletwa. Sisemi mti huu hauwezi kupata mdudu wa hapa. Afrika Kusini kuna nondo mkubwa wa ukoo mwingine kabisa aliyetoka kwenye miti ya asili akahamia kwenye mashamba ya misindano. Kwa hiyo yeyote anayesema mdudu fulani anakula msindano wako, mwombe akuonyeshe jani lililoliwa. Kwa jirani yangu hatukuona jani hata moja lenye alama ya meno. Tulipong'oa mti mmoja wa njano, gome la chini, pale shina linapoingia ardhini, lilikuwa limemenywa pande zote, na mchwa wamejaa kwenye vichuguu vya tope. Dawa tuliyopuliza juu isingewafikia kamwe.

Jamaa wengine wa nondo wetu wa viazi tunao hapahapa, na kila mmoja ana chakula chake. Yupo ambaye viwavi wake hula magimbi. Kule Kalinzi, kwenye kahawa, unaweza kumkuta mwenye mabawa maangavu kama kioo anayeruka mchana na kudhaniwa nyuki, na viwavi wake hula majani ya kahawa na mimea ya ukoo wake. Na yupo yule mwenye alama kama fuvu la kichwa mgongoni, ambaye viwavi wake hula viazi mviringo na nyanya. Akiingia ndani kufuata taa, watu wanafunga watoto hirizi. Nawasihi sana wasimwogope. Ukimshika hutoa sauti kama panya, ana mrija mfupi wenye nguvu, na usiku huingia kwenye mizinga kunyonya asali. Warina asali wana haki ya kumlalamikia, lakini uchawi hana.

Nina jambo jingine linaloniuma. Mipapai yangu minne ya kike iko ukingoni mwa shamba hilohilo. Mpapai wa kike unahitaji chavua kutoka kwa dume, na wanaoibeba chavua hiyo kwa kiasi kikubwa ni nondo hawa wenye mrija mrefu, jioni giza linapoanza kuingia. Kabla ya dawa nilikuwa nawaona pale, wanaelea mbele ya ua bila kutua, mabawa yanatetemeka hata huoni umbo lake. Baada ya kupuliza, kwa wiki kadhaa sikuona hata mmoja, na maua mengi yaliyochanua kipindi kile yalinyauka yakaanguka bila kushika tunda.

Naomba maafisa ugani wetu, mvua zijazo zikianza, wapite kwenye mashamba yenye misindano na viazi pamoja, wawaonyeshe watu kiwavi, pupa na nondo kwa mpangilio. Ni somo la nusu saa, na makopo ninayo. Kwenye viazi, kama viwavi ni wachache, kuwaokota kwa mkono asubuhi kunatosha, kuku watashukuru. Wenzangu nawaomba wasinunue chupa isiyo na lebo. Kiuatilifu chochote kinachouzwa nchini kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na lebo ieleze kinaua nini, kwenye zao gani, kwa kipimo gani. Nawe Mhariri, katika ukurasa wa kilimo, tafadhali chapisha picha ya kiwavi wa viazi karibu na ile ya kiwavi wa misindano wa Ulaya, maana picha ile bado inazunguka kwenye simu za watu huku kwetu.

Ile chupa ya pili sijaifungua. Nimeifungia stoo, juu, mbali na wajukuu. Mtaro wa kwangu unashuka moja kwa moja mtoni, hivyo kuimwaga siwezi, na kuifukia siwezi. Anayejua inapokelewa wapi katika mkoa wa Kigoma naomba ajibu kupitia gazeti hili.

Mwalimu mstaafu,
Manyovu, Buhigwe,
Kigoma